Jani la mbarika kwa goti lililovimba: ni jani au ni joto? Nataka kulipima labu

binti_kibokoni

Assalam aleikum wadau, habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, nasomea mambo ya labu hapa Mombasa, na saa hii natafuta projekti ya kumalizia. Nataka mnisaidie kabla sijaandika upuzi nikapeleka.

Bibi yangu goti lake la kulia lamsumbua tangu mimi niko shule ya msingi. Likivimba hatoki nje, hata msiba wa jirani hupeleka salamu tu. Basi hunituma uani kwa jirani penye mbarika nimkatie majani matatu, ayataka yale mapana yasiyotobolewa na wadudu, nikileta madogo narudishwa. Huyapaka mafuta ya simsim kwa kidole, huyapitisha juu ya jiko la makaa mpaka yalegee na kutoa ile harufu ya mboga iliyoanza kuungua, halafu huyabandika kwa goti moja juu ya jingine na kulifunga na kipande cha leso kuukuu. Hulala nayo. Asubuhi akifungua majani yamekuwa meusi yamekunjamana na goti limepungua, nimeona kwa macho yangu si mara moja si mbili.

Sasa supavaiza wangu akasema vizuri, kausha majani, saga, toa eksitrakti, yaani dawa iliyomo ndani, kwa ethanoli, ufanye ile tesiti ya ute wa yai, halafu ukipata kibali uwape panya kwa mdomo na uwadunge karajinani, ile ya kuvimbisha, mguuni uone kama uvimbe utapungua. Nikasema sawa. Nikatoka hapo nikakutana na rafiki yangu wa fiziotherapi akacheka akaniambia "we, hilo ni joto tu, hata ungemfunga bibi na gazeti la moto lingepungua". Tangu siku hiyo silali.

Maswali yangu: tesiti ya yai peke yake yatosha? Panya wangapi? Na huyo wa fiziotherapi nimjibu nini?

labu_ya_kisauni

Waaleikum salaam. Nimefanya kazi za namna hii miaka kadhaa kwa hivyo nisamehe nitaandika refu, nna chai ya rangi hapa na mbaazi zimeisha.

Kwanza huyo rafiki yako usimjibu, mshukuru. Amekuuliza swali ambalo mkaguzi yeyote mwenye akili angekuuliza siku ya kujitetea, na amekuuliza bure.

Angalia tofauti. Bibi anatumia jani bichi, lina mafuta ya simsim, lina moto, linakaa juu ya ngozi usiku kucha na limefungwa. Wewe unataka kuchukua jani kavu, utie ethanoli, uvukize, upate kitu cheusi kama lami, ukitie panya mdomoni. Hivi vitu viwili vinafanana jina tu. Panya akipona hujathibitisha dawa ya bibi, na asipopona hujaikanusha. Utakuwa umepima kitu ambacho hakuna mtu Mji wa Kale nzima anayekitumia, na hili ndilo kosa naliona kila mwaka kwa projekti za mitishamba: njia ya kupima imechaguliwa kwanza ju ndio iko kwa thisisi ya mwaka jana, halafu mmea ukatafutwa baadaye.

Hio tesiti ya karajinani yenyewe ni nzuri, usiidharau. Ilitolewa na mtafiti Winter na wenzake mwaka 1962 na mpaka leo ndio watu wengi wanaanzia hapo. Unadunga ml 0.1 ya karajinani asilimia 1 chini ya wayo wa panya, mguu unavimba, unapima kila saa mpaka saa ya nne au ya tano. Uzuri wake ni kwamba uvimbe unakuja kwa awamu. Saa ya kwanza mpaka kama ya pili ni histamini na serotonini, kemikali za mwili zinazoleta uvimbe, katikati inaingia bradikinini, halafu kuanzia kama saa ya tatu ni prostaglandini zinazotengenezwa na kimeng'enya cha COX-2. Kwa hivyo dawa yako ikipunguza uvimbe saa ya kwanza peke yake yakwambia kitu kimoja, ikipunguza saa ya tatu na ya nne yakwambia kingine, kuwa labda inagusa njia ile ile ya asprini. Hio njia ya asprini, yaani kuzuia prostaglandini zisitengenezwe, mwanasayansi John Vane ndiye aliyeionyesha 1971, dawa yenyewe ilikuwa sokoni tangu 1899. Watu walimeza miaka sabini bila kujua inafanya nini ndani, kwa hivyo bibi yako asione haya.

(Kando kidogo: karajinani ni kitu cha mwani. Ule mwani kina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanaoufunga kwa kamba na kuuanika ufukweni, ukisafishwa ndio unatoa karajinani, watu wanaila kwa aiskrimu na wanaipiga mswaki kwa dawa ya meno. Ila huo wetu watoa aina za kappa na iota, na inayotumika sana kuvimbisha panya ni lambda, hio ni ya mwani wa bahari za baridi. Kwa hivyo usiende Kibuyuni na mkoba, agiza.)

Kwa dawa ya kupaka kuna tesiti inayokaribia zaidi ya bibi: ya sikio. Unapaka sikio moja la panya mdogo mweupe mafuta ya mmea wa kroton yanayochoma ngozi, au ile kemikali ya TPA iliyotolewa ndani yake, linakuwa jekundu linavimba, kisha unapaka dawa yako papo hapo. Baada ya saa nne hadi sita panya anauliwa kwa utaratibu unaokubalika, unakata duara la milimita 6 kwa kila sikio, unapima uzito. Sikio la kushoto halijapakwa kitu, la kulia limepakwa, tofauti ya uzito ndio uvimbe wako. Rahisi, na dawa imepita kwa ngozi kama ya bibi inavyopita. Na utacheka, kroton na mbarika ni ukoo mmoja.

Hayo ya yai nitarudi, napigiwa simu.

feri_hadi_feri

Mimi si msomi lakini yakhe mwapima nini kitu chajulikana miaka yote?? Babu zetu walijifunga mbarika na wakapanda minazi. Ninyi chukueni jani mtie kwa kikopo muuze, Wazungu watakuja kutuuzia wenyewe hapa kwa bei ya kiwanja.

mzee_wa_marikiti

Binti yangu, nimesoma maneno yako nikafurahi, kumbe wako watoto wangali wakaa na bibi zao. Mimi nauza dawa za miti karibu na Marikiti, kazi niliirithi kwa baba. Nitakwambia mawili matatu.

La kwanza, hakikisha ni mbarika. Watu wa siku hizi wachanganya mbarika na mbono kaburi. Wote wana mbegu za mafuta, na ukimwambia kijana akuletee jani la mbono hujui atakuletea lipi. Mbarika jani lake limepasuka kama kiganja cha mkono chenye vidole vingi, mbono kaburi jani lake ni kama moyo hivi. Tena mbarika zenyewe ni namna kwa namna, iko yenye shina jekundu na iko ya kijani. Bibi yako yuwatumia ipi? Mimi wateja wangu wa magoti wataka ya shina jekundu, yangawa sijui kama ni kweli ina nguvu zaidi au ni mazoea ya mato.

La pili, bibi akatapo jani ni wakati gani? Mimi nafundishwa jani la dawa lakatwa asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwenzangu mmoja asema hayo ni mambo ya kizamani. Andika saa basi, isikupite.

La tatu si la dawa. Walikuja watu hapa kwangu zamani, na madaftari, wapole sana, nikawakalisha nikawapa kahawa na tende, wakaandika kila nilichosema, majina ya miti, kiasi, nachemsha vipi, mpaka adhuhuri. Wakapiga na picha ya duka. Mpaka leo sijaona hata karatasi moja. Sisemi ni wezi. Nasema sijaona karatasi. Wewe usimfanyie bibi yako hivyo.

dada_famasi

Naomba niingilie kabla hatujafika mbali. Mimi ni mfamasia, na kila nikisikia mbarika moyo unaruka.

Jani si mbegu. Mbegu ya mbarika ina risini, na risini ni katika sumu kali za mimea tunazozijua. Ndio inayosadikiwa kumuua yule mwandishi Mbulgaria Georgi Markov, London mwaka 1978, kijipira kidogo kama kichwa cha pini alichodungwa pajani. Mafuta ya mbarika ya dukani hayana shida hio kwa sababu risini ni protini, haiingii ndani ya mafuta, na joto la kutengenezea laiharibu. Lakini mwanafunzi akienda kuchuma kwa gunia akasaga majani na vishada vya mbegu pamoja, hapo ana sumu kwa blenda. Na vumbi la mbegu lile huwapa watu wengine aleji mbaya ya kifua. Vaa glavu, vaa barakoa, mbegu ziache mtini.

Jani lenyewe nalo lina risinini, si risini, majina yanafanana lakini ni kitu kingine kabisa, alkaloidi. Nayo ni ya kuangaliwa ukimpa mnyama kwa mdomo. Sababu nyingine ya kubaki na ya kupaka.

Sasa bibi mwenyewe. Ana kisukari? Nauliza kwa sababu mtu wa kisukari miguu yake huweza kupoteza hisia, jani la moto lamuunguza na hajui, unakuja kuona malengelenge asubuhi. Na ikiwa siku moja goti limevimba ghafla, lawaka moto, na ana homa, hio si siku ya mbarika, hio ni siku ya hospitali saa hio hio, huenda ni usaha ndani ya kiungo.

Na ewe wa feri hadi feri, hizo za vikopo ndizo zinazotumaliza. Nchi nyingi zimekamata dawa za "mitishamba" za viungo zikapimwa zikakutwa na dawa za hospitali ndani, diklofenaki ya maumivu au deksamethasoni ambayo ni steroidi. Mtu apata nafuu siku mbili, asifu mti, kumbe ni steroidi, akiendelea nayo avimba uso. Dawa ya asili ikifanya kazi haraka mno mimi huanza kushuku kikopo.

feri_hadi_feri

Haya dada nimekoma 😂 lakini swali langu bado, kwani bibi yuwapona au hapona?

binti_kibokoni

Jazakallah kheir nyote, sikutegemea. Mzee wa Marikiti, nimemuuliza, ni ya shina jekundu! Na hunituma nikakate alfajiri baada ya sala lakini asema ni kwa sababu ndio wakati mimi niko nyumbani, hakuna siri nyingine 😅. Dada famasi, kisukari hana, presha ndio anayo, na ile diklofenaki ya vidonge daktari alimkataza kwa ajili ya hio presha na figo, ndio kwa maana akarudi kwa mbarika.

Nilipomweleza habari za panya kanyamaza kidogo kisha kaniuliza, "na huyo panya ashakwenda sokoni kwa miguu miaka hamsini?" Sikuwa na jibu.

labu_ya_kisauni

Bibi yako apewe shahada tu tumalize. Amesema kwa sentensi moja kitu tunachokiandika kwa kurasa mbili za mapungufu ya utafiti. Uvimbe wa karajinani ni wa saa chache kwa mnyama mzima asiye na ugonjwa. Goti la bibi ni gegedu iliyochakaa, kuna siku inatulia kuna siku inawaka. Ukitaka kukaribia hapo kuna modeli ya kudunga ajuvanti ya Freund, kitu cha kuchokoza kinga ya mwili, panya anakaa na viungo vilivyovimba wiki kadhaa, lakini nakushauri usiiguse kwa projekti ya digrii ya kwanza, ni mateso mengi kwa mnyama na jibu lake hutaliweza kwa muda ulio nao. Kamati ya maadili itakuuliza kuhusu zile R tatu za wanasayansi Russell na Burch za 1959, yaani unaweza kutumia kitu kingine badala ya mnyama, unaweza kupunguza idadi, unaweza kupunguza maumivu. Jibu uwe nalo mapema.

Nilikuahidi yai. Ile tesiti ni hivi, unachanganya ute wa yai bichi na bafa na eksitrakti yako, unaweka kwa nyuzi 37 dakika 20, unapandisha 70 dakika 5, ute unataka kuganda unakuwa mweupe, unapima ule weupe uliotanda kwa spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga, nanomita 660. Dawa ikizuia kuganda unaandika "inazuia uvimbe". Haloo! Inazuia yai kuganda. Wazo lake ni kwamba protini zinazoharibika mwilini huchochea uvimbe na diklofenaki nayo huzuia huko kuharibika, sawa, lakini kutoka hapo mpaka goti ni safari ya Mombasa Kisumu kwa baiskeli. Ifanye kwa sababu ni rahisi na yai liko dukani, iite jina lake halisi, usiiite ushahidi. Na uangalie rangi: eksitrakti ya majani ni kijani nzito, yenyewe inazuia mwanga kabla hata ya yai, kwa hivyo kila kipimo kiwe na bilauri ya eksitrakti bila yai uitoe. Nimeona mtu akapata "uzuiaji" wa asilimia mia na kumi. Mia na kumi! Na akaichapisha kwa bango.

Mkipata mahali penye seli kuna ya makrofeji, seli za kinga, aina ya RAW 264.7. Unazichokoza na LPS, kitu cha ganda la bakteria, zinatoa naitriki oksidi, unatia kitendanishi cha Griess, zinakuwa pinki, pinki ikipungua dawa imefanya kazi. Mtego uko hapa: seli iliyokufa nayo haitoi kitu. Kwa mmea kama mbarika usisome hio pinki kabla hujafanya tesiti ya MTT kuona kama seli ziko hai, la sivyo utashangilia mauaji.

Sasa nikupe aibu yangu ujifunze bure. Mwaka wangu wa projekti nilikuwa na majani ya mti mwingine, si mbarika. Hapa pwani kukausha ni vita, unyevu huu, ukiacha majani kwa lundo siku ya tatu yana ukungu mweupe, lazima yatandazwe kivulini na kugeuzwa, au oveni ya nyuzi 40. Mimi nilikausha vizuri sana, nikajisifu. Kinu cha labu kilikuwa kimeharibika na fundi haji, basi nikabeba gunia langu mpaka mashine ya kusagia sokoni, kijana akanisagia chap chap, nikaenda zangu. Wiki mbili baadaye nipo kwa tesiti ya sikio. Nikapaka dawa kwa masikio ambayo hayajachokozwa, nione kama yenyewe inawasha. Panya wote sita masikio mekundu kama taa za breki. Nikaandika ukurasa mzima kuwa mti huu unachoma ngozi. Supavaiza akaja akachukua unga kidogo akaweka kwa ncha ya ulimi, akaniangalia, akaniuliza ulisaga wapi. Pilipili. Yule kijana kabla yangu alisaga pilipili ya mtu wa hoteli, na kapsaisini kwa sikio la panya hufanya hivyo hivyo wekundu na uvimbe. Miezi miwili na wanyama sita, kwa sababu ya uvivu wa kununua blenda. (Na usionje dawa kwa ulimi nyinyi, yule mzee alikuwa wa zamani. Wa mbarika ndio kabisa usithubutu.)

mwalimu_tudor

Mimi ni mwalimu wa hesabu, habari za seli siziwezi, lakini lile swali la kichwa cha mada, jani au joto, ni swali langu hilo na naona mmelizunguka tu.

Unatenganisha vitu kwa kuvitoa kimoja kimoja. Jani lina mafuta na joto. Basi kundi la kwanza: mbarika, mafuta, joto, kama bibi. La pili: mafuta na joto, hakuna jani, kitambaa tu cha moto ule ule. La tatu: mbarika na mafuta lakini baridi. La nne: jani la mti mwingine usiojulikana kuwa dawa, lipakwe mafuta lipashwe vivyo hivyo. Nasema sukumawiki. Ni pana, ni kijani, lapashika moto, na likifungwa ndani ya kitambaa mtu hajui amefungwa nini. La tano: jeli ya diklofenaki ili ujue kipimo chako kinaweza kuona dawa inayojulikana. Kwa panya wote hao kila kundi watu huweka sita, basi ni thelathini, na kundi la sita ambalo halipati chochote ila uvimbe, thelathini na sita. Kundi la kwanza likilingana na la pili na la nne, rafiki yako wa fiziotherapi ameshinda na umlipie biriani.

Hesabu yake nyepesi: uvimbe wa wasiopata dawa toa uvimbe wa waliopata, gawa kwa wa wasiopata, mara mia. Mfano tu, wasiopata uvimbe ml 0.8, waliopata ml 0.5, hapo ni asilimia 37.5. Lakini hio namba peke yake haisemi kitu mpaka uangalie panya mmoja mmoja wamepishana vipi, ndipo ufanye hesabu za takwimu, ANOVA ya kuona kama makundi yanapishana halafu Dunnett ya kulinganisha kila kundi na lile lisilopata.

Na tafadhali anayepima asijue panya gani ni wa kundi gani. Mtu ambaye bibi yake ndiye mwenye dawa akishika rula, rula huinama. Nayasema kwa upendo.

dada_famasi

Mwalimu umenikumbusha, Ujerumani walishafanya kitu cha namna hii na watu, majani ya kabichi kwa magoti yaliyochakaa, matokeo yalitoka 2016. Wiki nne. Waliofungwa kabichi maumivu yalipungua kuliko walioendelea na matibabu yao ya kila siku, na walipolinganishwa na wa jeli ya diklofenaki hawakupishana kwa maana. Shida ni ile ile, mtu aliyefungwa kabichi ajua amefungwa kabichi. Kwa hivyo sukumawiki lako si mzaha.

Ila angalia kwa maana nyingine: kama kabichi yenyewe huenda inafanya kazi, je sukumawiki ambaye ni ndugu yake wa tumbo moja, ni jani la mti mmoja tu limebadilika, atakuwa kweli hana dawa? 🤔 Pengine tafuta jani lingine, la mgomba labda. Likipashwa moto lalegea vizuri, mama zetu wote wanalijua hilo.

mwalimu_tudor

Duh. Hapo umenifunga goli. Mgomba basi.

mzee_wa_marikiti

Mgomba nao sisi hufungia majipu na vidonda vya moto, mwanangu. Hapa pwani jani lisilo na kazi utalitafuta sana.

labu_ya_kisauni

😂😂 mzee amewaua wote wawili. Lakini sikilizeni, sio lazima jani la kulinganishia liwe takatifu, ni lazima tu liandikwe. Weka kitambaa kilichopashwa kama kilinganishio kikuu na jani la mgomba kama la ziada, na useme wazi kwa ripoti kwamba mgomba una matumizi yake. Mkaguzi humheshimu mtu anayetaja udhaifu wake kabla hajaulizwa.

Na la mzee lile la karatasi lisipotee. Kenya kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na laisensi ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, utaihitaji. Kaa na bibi, muandikishane, jina lake liandikwe anavyotaka yeye, na ukimaliza umsomee ripoti kwa Kiswahili. Kata tawi lenye jani, ua na tunda, libane ndani ya magazeti likauke bapa, lipelekwe hebaria, mahali wanapohifadhi mimea iliyokaushwa, wakupe namba. Ile ya Makumbusho ya Taifa Nairobi ndio kubwa. Bila hio namba, hata ukipata matokeo ya kutisha, mtu atauliza "mbarika gani" na utabaki kutoa macho.

binti_kibokoni

Nimerudi, samahani nilikuwa na mitihani.

Nimebadilisha projekti yote. Supavaiza alikasirika kidogo halafu akakaa kimya akisoma, mwisho akasema "hii ya vikundi umeitoa wapi" nikamwambia nimeitoa kwa wazee. Tutafanya ya sikio, ya kupaka, makundi sita kama alivyosema mwalimu, yai litabaki la ukurasa mmoja na jina lake halisi. Panya mpaka kamati ikubali. Blenda nimenunua mpya, imeandikwa MBARIKA kwa kalamu nyekundu, ndugu yangu ameshaonywa asitie juisi humo.

Juzi usiku nikakaa na bibi na daftari na kipimajoto cha jikoni. Jani likitoka tu jikoni ni nyuzi 61, nikashtuka, lakini halibandiki hapo, huligeuza geuza mkononi na kulipulizia huku akinisimulia mambo ya harusi ya mtu, na anapolibandika ni 44. Dakika kumi baadaye nikachomeka kipimajoto chini ya leso, 38. Nusu saa, 36. Yaani usiku wote uliobaki joto limekwisha, ni jani na mafuta tu na leso. Sijui hio yamaanisha nini lakini nimeiandika, na rafiki yangu wa fiziotherapi nilipomwonyesha hakucheka, alisema lakini hio nusu saa ya kwanza ndio anayoisema yeye.

Bibi kakubali kuandikishana. Sharti lake moja, jina lake liandikwe lote na la baba yake na la babu yake, na mzee wa Marikiti apelekewe karatasi. Mzee, duka lako liko upande gani, wa viungo au wa nguo?

mzee_wa_marikiti

Wa viungo, mwanangu. Uliza wa dawa za miti, watakuonyesha. Njoo asubuhi kabla ya jua kali.